Kipanya cha mjomba kimepata kitanda

Huu ni mwezi wa nne tangu nikigeuze kipanya cha mjomba, HiAce iliyokuwa daladala, kuwa chumba changu cha kulala safarini, na bado watu wananisimamisha njiani. Nikitoka Chamazi asubuhi, kabla sijaingiza gia ya tatu, kuna mama ameshanyoosha mkono na mwanafunzi ameshaanza kukimbia sambamba na mlango. Gari nimelipaka jeupe tupu, mstari wa ubavuni nimeufuta, na TRA, mamlaka ya mapato, nimehangaika na makaratasi mpaka namba nyeupe za biashara zikawa za njano. Haisaidii. Kwa mtu wa Mbagala kipanya ni kipanya. Na siwezi kumlaumu mtu, maana jua la saa kumi na moja jioni likilipiga gari kwa ubavu, maneno MBAGALA R/TATU, yaani Rangi Tatu, kituo chake cha zamani, yanasomeka chini ya rangi yangu kama kovu lililopakwa poda.

Mimi ni mpima ardhi. Wiki mbili za mwezi niko Mkuranga, Kibiti, Rufiji au Kilwa, na miaka saba nimelala gesti za shilingi 20,000. Gesti za bei hiyo nazijua kwa harufu. Baa iko chini ya dirisha, kunguni wako kwenye mbao za kitanda, na umeme unakatika usiku ule ule ambao betri za mashine za kupimia hazina kitu, wakati saa moja asubuhi wanakijiji watakuwa shambani wamekaa juu ya bikoni, yale mawe ya mipaka, wakikungoja. Usiku mmoja nilishindwa, nikatoka chumbani nikalala kwenye kiti cha gari tuliyokuwa tumekodi. Nililala kama mtoto. Asubuhi nikampigia mjomba.

Mjomba alikuwa na HiAce yenye injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8, ambayo hakuna fundi wa barabara ya Kilwa asiyeijua. Ilikuwa imepiga kazi Rangi Tatu miaka mingi, na sasa alikuwa amechoka nayo, au tuseme alikuwa amechoka na deiwaka, madereva wa kutwa, wanaoleta hesabu nusu na hadithi nzima. Aliniachia kwa milioni sita na nusu, kwa mafungu, na sharti moja: siku ya kung'oa viti asiitwe.

Alikuja mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akavuta ndoo akakaa kivulini. Fundi alipofungua boliti ya kwanza mjomba akasema, "Hicho kiti cha nyuma kabisa, cha dirishani, mamako alikikalia siku anakwenda Temeke kumzaa mdogo wako." Sikujua. Basi tukaking'oa mwisho.

Chini ya viti kulikuwa na Dar es Salaam nzima. Maganda ya karanga yaliyogeuka udongo, vibanio vya nywele, kiatu kimoja cha mtoto cha mguu wa kushoto, rozari, kifungo cha sare ya shule, na sarafu za jumla ya shilingi 4,350, ambazo mjomba alizihesabu mara mbili akazitia mfukoni akisema ni hesabu ya deiwaka fulani. Viti tuliviuza kwa jamaa mwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, huku huku Chamazi. Siku ya Simba na Yanga nilipita nikachungulia, nikakuta watu wamebanana wanne wanne kwenye viti vya watatu, vile vile kama zamani, ila hakuna aliyekuwa anashuka.

Kilichokuwa chini ya maganda ya karanga hakikuchekesha. Kila tundu la boliti lilikuwa limeliwa na kutu. Huku pwani hewa yenyewe ina chumvi, na konda alikuwa anamwaga maji ndani kila jioni kuosha sakafu. Fundi bodi aligonga kwa nyundo ndogo, pale palipolia "dup" badala ya "ting" akapiga alama ya chaki, na mwisho sakafu ikawa imejaa chaki kuliko ubao wa darasa. Siku tatu za kukata na kuchomelea bati jipya. Ukitaka kununua gari la namna hii, zunguka na nyundo kwanza. Rangi inadanganya.

Sasa, joto. Nilikuwa nimeangalia video nyingi sana za Wazungu wanaoishi kwenye magari, na karibu wote wanapigana na baridi: majiko madogo, blanketi, madirisha yanayotoa jasho. Mimi niliweka kipimajoto ndani, nikafunga milango, nikaenda kula. Saa nane mchana kilisoma nyuzi 46. Halafu kuna jambo ambalo kwenye video zile sikuliona: kwenye HiAce hizi injini iko chini ya makalio ya dereva. Ukiendesha kwa muda wa saa tano, ukazima ulale, umelala chumba kimoja na jiko lenye makaa.

Kwa hiyo fedha nyingi iliishia juu, kwenye paa. Nilibandika sponji ngumu kwenye bati, kisha foili, kisha vipande vya mbao vya kuiachia nafasi, ndipo plaiwudi. Ile nafasi ndiyo niliyogombana nayo na fundi, yeye akitaka kubana kila kitu ili nipate kimo. Foili iliyobanwa kati ya vitu viwili inapitisha joto kama bati lingine lolote. Inahitaji uwazi wa hewa mbele yake ili ilirudishe. Mbele, nyuma ya kiti cha dereva, nimeshona pazia zito la turubai lenye sponji ndani, na nikifika ninakolala kazi ya kwanza ni kulishusha.

Kisha tukatoboa paa. Mjomba aliposikia msumeno aliondoka, safari hii kwa kweli. Kwenye vipuri vya mtaa wa Gerezani nilipata kifuniko cha paa cha Coaster chakavu, kikiwa na feni yake, na nilifurahi mpaka nilipoiunganisha ikazunguka kwa uvivu kama bibi anayetwanga bila njaa. Coaster ile ilikuwa ya volti 24, gari langu ni 12. Nikatoa feni, nikabaki na kifuniko, nikafunga feni nyingine ya volti 12 inayosukuma hewa nje. Dirisha la chini upande wa kivuli nafungua kidogo, nimelivalisha kitambaa cha chandarua kwa sumaku, na hewa ya baridi inaingia chini huku ya moto ikitoka juu. Silikoni nilipaka mara moja, masika ikanifundisha kupaka mara tatu.

Seremala nilimtoa Keko. Fundi mzuri, mkono wake ni dhahabu, lakini alikuja na mninga. Nikamwambia uzito. Akasema, "Dada, mninga hauliwi na mchwa." Nikamuuliza mchwa watalikuta wapi gari linalotembea. Akafikiri kwa dakika nzima, akasema wanaweza kulikuta limeegeshwa. Tukakubaliana mbao za paini na plaiwudi. Shida ya pili ilikuwa skwea yake. Ndani ya gari hakuna pembe mraba hata moja, kuta zimepinda kama tumbo la mtumbwi, na kila ubao alioupima nyumbani ulikuja ukaacha mwanya wa vidole viwili. Nikamletea maboksi ya biskuti kutoka duka la jirani, tukawa tunayakata kwa mkasi mpaka boksi linakaa kwenye ukuta bila mwanya, ndipo tunalilaza juu ya ubao na kuchora. Baada ya siku ya kwanza alikuwa anadai maboksi kabla ya chai.

Kitanda hakikuwezekana kukaa kwa mapana, maana upana wa ndani ni kama futi 5 na mimi nina zaidi. Kimekaa kwa marefu, futi 6 kwa mbili na nusu, chini yake masanduku ya mashine na miguu ya tripodi. Seremala alikiona chembamba akanionea huruma, akaniuliza kwa adabu nyingi kama shemeji atalala wapi. Nikamwambia shemeji akipatikana atakuja na gari lake.

Umeme nitausema kwa sababu karibu uniunguze. Nilikaa na karatasi: kompyuta, feni ya usiku kucha, taa, chaja za mashine. Jumla kama wati-saa 500 kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukitaka ikae miaka usiivute zaidi ya nusu, kwa hiyo zilizopo ni 600. Paneli ya wati 200 juu ya keria inazirudisha kwa siku ya jua. Hesabu ilikaa. Fundi umeme niliyeletewa alikuwa mtu wa nyumba, na alifunga inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ya wati 1,000 kwa waya wa milimita 1.5 uliobaki kwenye kazi yake nyingine.

Mama alikuja kukagua. Majirani walikuwa wameshamuuliza kama nimefukuzwa nilipopanga, na yeye alitaka kuona kwa macho yake. Akakaa kitandani, akagusa pazia, akauliza, "Na chai inachemkaje humu?" Kwa maringo nikachomeka birika la umeme. Lilianza kwa harufu, kama mfuko wa nailoni uliotupwa jikoni. Kisha ule waya mweusi ukaanza kung'aa na kulegea, ukadondoka kwenye kona kama tambi, na moshi ukatoka chini ya kitanda alichokalia mama yangu mzazi. Mjomba ndiye aliyevuta kichwa cha betri kwa kanga ya mama. Wati 1,000 kwenye umeme wa nyumbani ni ampea nne na kitu, waya ule unabeba bila kutoka jasho. Kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 80. Nilijua hesabu hiyo, na bado sikukagua kazi. Sasa nina inveta ya wati 300, waya wa milimita 16 na fyuzi iliyokaa kiganja kimoja kutoka kwenye betri. Chai inachemka kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6, ambao una kabati lake lenye tundu sakafuni, maana gesi ikivuja inashuka chini, haipandi.

Maji ni madumu mawili ya lita 20. Choo ni vituo vya mafuta, na hapo hapana la kuongeza.

Mimi ni mwanamke na nalala peke yangu, kwa hiyo kuna mambo niliyapanga kabla ya rangi na mapazia. Kutoka kitandani naingia kiti cha dereva bila kufungua mlango. Gari linalala likitazama barabara. Siegeshi gizani nikidhani nimejificha. Naegesha kwenye uwanja wa polisi au wa ofisi ya kijiji, baada ya kujitambulisha.

Jambo ambalo sikulipata ufumbuzi ni mwembe. Ukiegesha juani paneli inajaa na wewe unaokwa. Ukiegesha chini ya mwembe unapata usingizi na betri inakufa, na msimu wa embe ukifika zinaanguka juu ya paneli usiku mmoja baada ya nyingine, ukidhani unarushiwa mawe.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa kijiji kimoja ndani kutoka Nangurukuru, siku nne za kazi. Nilipita daraja la Mkapa asubuhi, nikala samaki Somanga, nikafika alasiri. Nikaenda kwa mwenyekiti kuripoti, nikamwonyesha barua, nikamwambia ninaomba tu kuegesha hapa ofisini, malazi ninayo. Akatoka kuyaona malazi. Alizunguka gari lote, akachungulia, akasifu kabati. Kisha akamwita mkewe, naye akachungulia, akafunga mlango taratibu kama anayefunga mlango wa mgonjwa.

"Mwanangu, nyumba zote hizi unaziona, ulale garini? Watu watasema nini juu yetu?"

Nilijieleza. Nilieleza foili, nilieleza feni. Alisikiliza yote, akachukua begi langu akaingia nalo ndani.

Nililala kwenye kitanda cha kamba, chumba cha binti yao aliyeolewa Lindi, baada ya wali na kisamvu cha nazi. Wajukuu watatu walikuwa wamezunguka gari tangu jioni, na mwisho waliomba, na nilipomtazama bibi yao akacheka, basi nikawakabidhi. Niliwaonyesha swichi ya taa na ya feni. Usiku nilisikia vicheko, halafu mlango ukivutwa, halafu sauti ya yule mdogo, wa miaka mitano hivi, ikiita gizani, "Rangi Tatu! Rangi Tatu! Wawili tu!" Alikuwa amesoma ubavuni, au kaka yake ndiye aliyemsomea.

Asubuhi niliwakuta wamelala kichwa huku miguu kule kwenye godoro la futi mbili na nusu. Taa zote zilikuwa zinawaka. Betri ilisoma volti 11.6, na feni bado ilikuwa inazunguka polepole.