Mbona huyu kapauka?

Juzi Jumamosi mwanangu alikuwa sebuleni anacheza gemu kwenye simu yangu, lile la kumtengeneza mtu unamchagulia nywele na nguo na rangi ya ngozi. Akachagua rangi nyeusi, ile ya mwisho kabisa kwenye mstari, akamwangalia yule mdada kwa muda, afu akaja jikoni akanigeuzia simu.

"Mama, mbona huyu kapauka?"

Nilikuwa nakuna nazi. Nikaacha. Zaidi ya miaka kumi sijalisikia hilo neno likisemwa juu ya picha ya kompyuta, na aliyelisema mara ya mwisho alikuwa Bibi, Pangani, amekaa kwenye mkeka na laptopu yangu iko juu ya kigoda.

Ilikuwa 2013, mwaka wangu wa mwisho chuo. Wenzangu karibu wote projekti zao zilikuwa mifumo ya kusajili wagonjwa, mifumo ya maktaba, mifumo ya kulipa ada. Mi nilitaka gemu. Kijiji cha pwani, bibi kizee amekaa barazani, mchezaji anapita anamsalimia na bibi anamhadithia. Msimamizi wangu akasema gemu peke yake si utafiti, nenda katafute swali. Nikarudi na swali: uso wa mtu mzima mweusi unachorwaje ukaonekana hai kwenye laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya grafiki, kile kifaa cha kuharakisha uchoraji wa picha, tena kwa kasi ya picha 30 kwa sekunde, yani kila picha ina milisekunde 33 tu za kuchorwa na kuisha. Akakubali.

Sasa uso wenyewe nautoa wapi? Mashine ya kuskani nyuso sikuwa nayo wala sikujua mtu aliyenayo. Ila nilikuwa nimesoma habari za Henri Gouraud, Mfaransa aliyekuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani, ambaye mwaka 1971 alimchorea mke wake Sylvie mistari usoni, akampiga picha, akapima kila pointi mistari inapokutana, akaziingiza kwenye kompyuta moja moja. Hiyo tu. Mistari, kamera, na mke mwenye subira. Nikasema mi sina mke ila nina Bibi.

Nikapanda basi Ubungo mpaka Tanga, kisha ile barabara ya vumbi mpaka Pangani, nimebeba kamera ya kuazima na penseli mbili za wanja.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umekuja kuniibia nini tena?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza huyo Sylvie alikubali hivihivi tu au alilipwa, nikasema nadhani alikubali, akasema basi na mimi nakubali. Nikaanza kuchora na wanja. Haukuonekana. Wanja mweusi juu ya ngozi ya Bibi ni kama hujachora kitu, na kitabu nilichosoma hakikunionya kwa sababu uso wa kwenye kitabu ulikuwa mweupe. Nikabaki nimeshika penseli. Bibi akainuka mwenyewe, akaleta kile kijiwe chake, akasaga liwa kwa maji ya waridi, akanipa na njiti: chora na hii. Mistari ikatokea ya manjano, safi, toka kwenye paji mpaka kidevuni. Nikamwomba asitikisike maana kamera ni moja, nampiga mbele afu nakimbia kumpiga ubavuni, na akatulia kweli, nzi akamtembea shavuni asimfukuze.

Nikarudi Dar. Hiyo miezi iliyofuata sina haja ya kuihadithia, ilikuwa kukaa maabara usiku na kuingiza namba. Uso ukapatikana. Ukageuka kushoto, ukageuka kulia, kope zikafumba. Lakini ulikuwa wa kijivu. Si mweusi, si wa kahawia, kijivu kama mtu aliyelala jivuni.

Niliyekuwa namtegemea kwenye mwanga ni Phong, mtu wa Hanoi, Vietnam. Jina lake kamili Bui Tuong Phong, Bui ndo ukoo, kwa hiyo dunia nzima inamwita kwa jina lake mwenyewe kama sisi tunavyoitana. Aliandika tasnifu yake 1973 hapohapo Utah, akafariki 1975 ana miaka 32. Njia yake ya kuhesabu mwanga kwenye picha za kompyuta inaugawa sehemu tatu. Kuna mwanga wa jumla unaoenea kila mahali, kuna mwanga unaotawanyika kulingana na upande ambao uso umeelekea, na kuna mng'ao, kile kidoa angavu unachokiona kwenye embe bivu au kwenye upara. Unavijumlisha. Kila kimoja kina namba yake na wewe ndo unaipanga.

Uso wa Bibi ulikuwa unazama kizani kwenye skrini ya maabara, kwa hiyo mi nilikuwa napandisha mwanga wa jumla. Kila nikipandisha anazidi kuwa kijivu, mashimo ya macho na mashavu yanakuwa rangi moja, makunyanzi yanafutika. Na mng'ao niliushusha karibu sifuri kwa makusudi kabisa, maana kila nilichokuwa nasoma kuhusu ngozi kilisema ulaini, ulaini. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake walionyesha jinsi ya kuhesabu mwanga unavyoingia ndani ya kitu, unazunguka humo, unatokea pengine, kama kwenye maziwa na marumaru na ngozi, na picha zao ni nzuri mno. Mi nikawa naukimbiza huo ulaini kwa hesabu za kubabaisha ambazo laptopu yangu ingeziweza. Wiki sita hivi.

Sikukuu ya Idi nikaenda nyumbani na laptopu.

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, Bibi kawasha kandili kaliweka chini pembeni ya mkeka. Laptopu ilikuwa na chaji ya kama dakika arobaini. Nikafungua, nikamwonyesha. Alisogea karibu sana, pua karibu iguse skrini, akanyamaza. Mi nilikuwa nasubiri acheke au afurahi. Akasema polepole, "Ni mimi. Lakini mbona umenipausha?"

Nikamwambia Bibi hiyo ni rangi tu bado naitafuta.

"Rangi ni yangu. Huyu hajapaka mafuta."

Afu akafanya kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Akavuta ile chupa yake ya mafuta ya nazi, yale aliyoyapika mwenyewe kwa tui mpaka nyumba nzima inanukia, akamimina kidogo kiganjani, akakunja mkono wa gauni, akajipaka mkono wa kushoto toka kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Mkono wa kulia akauacha mkavu. Akainyoosha yote miwili mbele ya kandili. "Tazama."

Ule mkavu ulikuwa umelala tu, bapa, kama kivuli cha mkono. Ule wa mafuta ulikuwa na mfereji wa mwanga unaopita juu ya mfupa, unakatika kwenye kifundo, unaanza tena kwenye kila kidole. Akaugeuza taratibu. Mwanga ukahama. Ukatoka juu ya mfupa ukateremka kwenye mshipa, ukapanda kwenye kovu la zamani aliloungua na chungu, na kila ulipopita ndo nikaona umbo la mkono wa Bibi, ulivyokonda, pale nyama ilipo na pale isipo. Akaugeuza tena ukarudi. Miaka yote namwona huyu mtu anajipaka mafuta asubuhi na jioni, na mimi mwenyewe ananipaka toka mtoto, sijawahi kuangalia mwanga unafanya nini.

Sayansi yake nikaja kuipata baadaye. Ngozi yenye melanini nyingi, ile rangi ya asili inayoifanya ngozi iwe nyeusi, inameza sehemu kubwa ya mwanga unaoingia ndani, kinachorudi kutoka ndani ni kidogo, kwa hiyo ule unaodunda juujuu ndo unaobeba umbo. Mwanga ukiangukia ngozi moja kwa moja unaodunda juu ni kama asilimia 3 tu, ukija kwa ubavu unaongezeka sana, lakini juu ya weusi hiyo kidogo inaonekana kuliko chochote. Mi nilikuwa nimeizima.

Nikashika laptopu palepale. Mwanga wa jumla nikaushusha mpaka chini kabisa, mng'ao nikaupandisha, nikapunguza upana wake, Bibi kajiegemeza begani kwangu anasema bado, bado, hapo umezidisha huyo katoka jasho, rudi, rudi kidogo. Mafuta ya mkono wake yakanichafua shati. Nikarudisha kidogo. Yule bibi wa kwenye skrini akageuka kushoto na mwanga ukamtembea kwenye paji, ukashuka puani, makunyanzi yote yakarudi mahali pake.

"Ehe," Bibi akasema. "Sasa kaoga."

Chaji ikaisha hapo.

Projekti ilifaulu. Mtahini mmoja aliuliza umepimaje kwamba huu uso ni bora kuliko ule wa kwanza, nikajibu nilichojibu, wakaandika, wakanipa alama. Lakini kuna kitu kwenye ile ripoti kinanikaa kooni. Ripoti lazima iwe ya Kiingereza na lazima iwe na sura ya mbinu, na kwenye hiyo sura Bibi yumo mara moja tu, kwenye jedwali: mshiriki namba 1, mwanamke, miaka 71. Kwamba yeye ndo alisema nitumie liwa, sikuandika. Kwamba yeye ndo aliyeijua ile kasoro kwa kuangalia mara moja wakati mi nimehangaika wiki sita, nako sikuandika. Niliandika kwamba namba zilirekebishwa "baada ya tathmini ya macho". Macho ya nani? Niliogopa nikiandika bibi yangu na chupa ya mafuta wataona si utafiti. Sijui kama wangeona hivyo. Sikuwapa nafasi ya kuona.

Bibi alifariki 2016. Kwenye msiba wanawake wa mtaani wakawa wananiambia, wewe ndo yule uliyemweka kwenye kompyuta, alituhadithia sana, alisema alikufundisha kitu. Nikawa naitikia tu, ndiyo, alinifundisha.

Mwanangu nilimhadithia hii yote pale jikoni, mbuzi ya nazi bado nimeikalia. Akasikiliza. Akauliza, "Kwa hiyo huyu tumpake mafuta?" Tukatafuta kwenye gemu. Kuna mahali pa kubadilisha pua, pa nyusi, pa umbali wa macho, miwani aina nyingi, nywele kurasa na kurasa. Pa mafuta hatukupaona. Akaniuliza Bibi yuko wapi, yule wa kwenye kompyuta, anataka kumwona akigeuka.

Laptopu iko juu ya kabati, haiwaki toka siku nyingi, na ile ripoti niliyonayo ni ya karatasi, picha zake zimechapwa nyeusi na nyeupe. Jana tumeipeleka kwa fundi. Amesema diski inaweza ikawa nzima, inaweza isiwe, turudi Alhamisi.