Taa imeingia maji

Mvua ya jana usiku hapa Arusha imeniachia kazi.

Asubuhi nawasha gari, naona taa ya kushoto imejaa ukungu ndani. Matone yanateremka kwenye kioo kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Nilidhani imepasuka. Fundi akafungua boneti, akapeleka mkono nyuma ya taa: kile kifuniko cha mpira cha balbu hakipo! Aliyebadilisha balbu mwezi uliopita hakukirudisha. Roho iliniuma sana.

Tukatoa balbu, tukaianika taa juani. Ukungu ukaanza kuondoka pembeni, taratibu, mpaka likabaki tone moja katikati. Nililitazama hadi likakauka.

Kifuniko nimepata, shilingi 5,000.

Wenzangu, yamewahi kuwakuta? Nyie mlikaushaje?