Siku Reli Yetu Ilipopinda

Desemba ya 2004 tulikuwa na reli ya kuchezea ndani ya banda la uani, Yombo, Dar es Salaam, na reli hiyo ilitoka Mlimba kwenda Makambako. Banda lilikuwa la kuku kabla halijawa letu. Paa la bati, dirisha moja dogo. Joto la kaskazi likishapanda, kuanzia saa tano asubuhi, jasho lilitudondoka juu ya mataruma nasi tukilifuta upesi kwa kitambaa, maana chumvi haina urafiki na chuma.

Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu, na mdogo wa fundi redio wa mtaani kwetu. Treni yenyewe baba mdogo aliinunua kwenye mitumba ya kontena lililotoka Ujerumani: boksi la reli, kichwa kimoja, mabehewa mawili na transfoma. Kichwa kilikula volti 12, kwa hiyo umeme ulipokatika tuliazima betri ya pikipiki ya jirani, safari ikaendelea.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mzee aliyestaafu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kwenye genge la kutunza njia, ndiyo maana tukamwita Babu Njia. Siku ya kwanza alipoingia bandani hakusifia kitu. Alichukua rula, akapima upana wa reli yetu: milimita 16 na nusu. Kisha akaandika pembeni mwa gazeti upana wa reli ya TAZARA, milimita 1,067, akagawanya kwa penseli taratibu. Ikatoka 64 na ushei.

"Basi kila kitu chenu kigawanyeni kwa 64," akasema, "msikisie."

Ule ukingo wa gazeti ulibadilisha likizo yetu. Vigari vya chuma vya kuenea kiganjani, tulivyokuwa navyo tangu utotoni, vingi vilikaribia kipimo hicho hicho, vikapata kazi ya kusubiri treni kwenye makutano ya barabara. Mabehewa ya Kijerumani tuliyavua mabodi yao, yalikuwa madogo mno kwa hesabu yetu, tukayavisha mapya ya maboksi ya viatu. Mtu mzima alitoka na urefu wa milimita 26 hivi. Tulimchonga kwa kandambili kuukuu. Milima tuliifinyanga kwa magazeti na uji wa unga wa muhogo. TAZARA ina mahandaki 22, na mengi yako kipande hicho cha Mlimba na Makambako. Sisi tuliweza matatu.

Kilichotusumbua kilikuwa viungo. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi, na kila reli zilipokutana umeme ulififia, treni ikasita kama mbuzi aliyeona maji. Babu Njia akiwa amekwenda Mbagala kwa bintiye wiki nzima, sisi tukaazima pasi ya kuchomea ya fundi redio, tukaziba kila kiungo kwa risasi, kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho. Treni ikateleza bila kusita. Nilijisikia mhandisi.

Jumamosi tukawaita watoto wa mtaa. Saa nane mchana, bati linawaka, bandani hapatoshi pa kuweka mguu. Mzunguko wa kwanza walipiga makofi. Wa pili, treni ikaingia handaki la tatu, ikatoka, ikaacha reli. Kichwa kilikwama kwenye mlima, lakini behewa la nyuma lilianguka sakafuni katikati ya miguu ya watoto. Lile behewa lilikuwa kazi yangu ya wiki mbili, na madirisha yake nilikuwa nimeyakata moja moja kwa wembe. Nililiokota likiwa bapa.

Reli iliyonyooka asubuhi ilikuwa imeng'oa vipini vyake na kujikunja pembeni kama nyoka, zaidi ya upana wa kidole. Nilimlaumu binamu kwamba hakupigilia vizuri. Akanijibu kwa maneno ambayo hatukuzoea kuambiana. Watoto wakatoka kimya kimya.

Babu Njia alirudi jioni ile ile, bado ana mfuko wa maembe mkononi.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Nani kafa humu?"

Hakungoja jibu. Aliweka kiganja juu ya reli, akapapasa kiungo kilichozibwa, halafu kingine. "Mmeinyima pa kwenda," akasema. Akatusimulia jinsi genge lao lilivyokagua njia kwa miguu jua la saa saba, wakitazama uwazi wa viungo, kwa sababu reli hurefuka ikipata joto, na ikikosa nafasi mbele itaitafuta ubavuni. Baadaye nilipiga hesabu: mita tatu za reli kama yetu, joto likipanda nyuzi 20, hurefuka karibu milimita moja tu. Milimita moja hiyo, ikibanwa, inatosha kusukuma reli pembeni sentimita nzima. Reli ndefu zilizounganishwa kwa kuchomelewa, kama za reli ya kisasa (SGR), hubanwa kwa nguvu na kufungwa kwa kuangalia joto la reli yenyewe. Sisi tulikuwa na vipini vya kushonea.

"Kateni sasa hivi, ingali ya moto," Babu akaamuru. "Sasa ndipo ilipo ndefu. Mkikata asubuhi ikiwa baridi mtakosea kipimo."

Tulikata kwa msumeno mwembamba wa chuma, uwazi wa unene wa kucha, sehemu nne. Mdogo wa fundi redio akaunganisha nyaya ndogo chini ya meza ili umeme uvuke palipokatwa. Binamu alishika taa. Hatukuombana radhi, ila alinipa boksi lake la viatu jipya kwa ajili ya behewa.

Umeme ulikuwa umekatika tena, tukaunga betri. Kichwa kikaondoka Mlimba na behewa moja, na kwenye uwazi wa kwanza magurudumu yakagonga: ta-ta. Kisha tena, ta-ta. Babu Njia alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, maembe mapajani, akafumba macho. Hakusema kitu mzunguko wa kwanza wala wa tano. Tuliendelea kuizungusha mpaka mwenye pikipiki alipobisha hodi kudai betri yake.