Niliishia 113

Juzi mtoto wa dada kaandika namba kwenye karatasi bila kuacha nafasi, 1234567, akaniletea, "Mjomba, hii inasomwaje?" Nikamsomea, akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi ndo nikabaki nimeganda, maana hiyo namba tunajuana.

Kipindi kile nilikuwa na ugonjwa wa namba tasa. Nikajiuliza, ukizigandisha namba kwa kufuatana, 12, 123, 1234, tasa itatokea lini? 12 shufwa, 123 tarakimu zake jumla 6 kwa hiyo 3 inaingia, 1234 shufwa tena, 12345 ina tano mwishoni, 123456 usiseme. 1234567 ndo ikakataa njia zote za mkato. Nikaanza kugawanya kwa mkono, 7, 11, 13, kurasa za nyuma za daftari zikaisha, nikafika 113 ikabaki 42, nikachungulia mbele 114, 115, mpaka 126 hamna tasa hata moja, nikasema basi bwana, imetosha. (Kihesabu nilitakiwa niende mpaka 1109 huko, ila nani ana muda.) Kesho yake nikalitangazia darasa zima kwamba nimeipata.

Jamaa mmoja wa dawati la nyuma, mpole, hakubisha hata. Akaandika 127 pembeni ya karatasi akaanza. 1234 toa 1143, ikabaki 91. Akashusha 5, ikaingia mara saba, ikabaki 26. Akashusha 6, mara mbili, ikabaki 12. Hapo ile 7 ya mwisho hajaishusha bado lakini mimi nishaiona, 12 halafu 7, na yeye kaiona, kalamu ikasimama hewani, akanitazama kama mtu anayekuonea huruma, ndo akashusha. 127. Mara moja. Jibu 9721, baki sifuri. Kelele zilizofuata nisizielezee.

Mwalimu akatuliza watu, akaniambia hujakosea swali, umekosea besi, yaani ukubwa wa mafungu ya kuhesabia, sisi tunatumia kumikumi. Kwenye besi ya tatu hiyo 12 ni fungu moja la tatu na mbili juu, yaani tano, tasa palepale, na ukigandisha moja mpaka tano, ambazo huko huandikwa 1, 2, 10, 11, 12, unapata 12101112, ambayo kwa hesabu yetu ni 3929, nayo tasa. Mpaka leo sijui alikuwa ananifariji au ananimalizia. Ila hii besi yetu ya kumi kweli ni mbishi, siku hizi kompyuta zimegandisha mpaka kupita laki tatu na haijaonekana hata moja, na wanaojua bado wanaamini ipo.

Jana usiku nikashindwa kulala nikaigandisha mpaka 13, 12345678910111213. Sikuhangaika na 7 wala 11, nikaenda moja kwa moja kwenye 113, palepale nilipochokea. Ikaingia yote, baki sifuri.

Asubuhi mtoto ananiuliza, "Mjomba unacheka nini?"