Dirisha la mbele

Juzi karakanani ndoo ya puti ilifunguliwa, harufu ya mafuta ya kitani ikatoka mpaka mlangoni. Kijana wa mafunzo akaziba pua, akasema inanuka samaki. Hajakosea sana. Lakini akiendelea na kazi hii ataizoea, kwa sababu nyumba ya enzi ya Malkia Victoria karibu nusu yake ni mafuta hayo. Puti, ile ya kushikilia kioo kwenye fremu, ni chaki iliyosagwa ikakandwa nayo. Rangi ya mbao ilichanganywa nayo. Linoleamu, ile ya kufunika sakafu ya jikoni, inatokana nayo, na yule yule Frederick Walton aliyeibuni miaka ya 1860 ndiye aliyekuja na Lincrusta mwaka 1877, ile karatasi nene yenye nakshi za kuinuka inayobandikwa nusu ya chini ya ukuta wa korido. Nayo ni mafuta ya kitani yaliyogandishwa.

Mimi harufu ile ilinirudisha Walthamstow, London, sebuleni kwa mteja wangu Bi Mkubwa, siku ya dirisha la mbele.

Nyumba yenyewe ni ya miaka ya 1890, moja katika safu ndefu ya matofali mekundu. Dirisha la sebule ni la sehemu tatu, limejitokeza nje ya ukuta, na la kati ndilo lililokuwa na kesi. Ni dirisha la kupandisha na kushusha: vipande viwili vya fremu yenye kioo, kimoja juu kimoja chini, kila kimoja kikiteleza kwenye njia yake.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Usivue viatu, utaganda. Dirisha hilo tangu ninunue nyumba halijafunguka hata siku moja. Ling'oe, niwekee la plastiki, niishi kama watu."

Sebule ilikuwa imepambwa hasa. Mito yenye nakshi za majani ya mtindo wa William Morris, mbunifu wa nakshi wa Kiingereza, ambaye ni mzaliwa wa Walthamstow hiyo hiyo, mwaka 1834. Kabati la vioo lenye vikombe vya maua visivyonywewa chai na mtu. Na migongoni mwa makochi vitambaa vyeupe vya kufuma, vimetiwa uwanga vikasimama. Mgeni wa Kiingereza akiviona husifu Bi Mkubwa alivyojua kuipatia nyumba vitu vya zama zake, maana Waingereza wa wakati ule nao walivitandika viti vyao ili mafuta ya nywele ya Macassar yasiingie kwenye kochi. Bi Mkubwa alikuwa ametoka navyo Mombasa. Ndivyo sebule inavyovaa, basi.

Nilimwomba aniachie kwanza nilifungue nione lina nini. Dirisha la aina hii likigoma, mara nyingi sababu ni rangi, na rangi huondoka.

Nyumba ya umri huo chukulia kwamba tabaka za chini zina madini ya risasi. Hatupigi msasa mkavu, wala hatuchomi kwa moto wa gesi, kwa sababu vumbi na mvuke wake ni sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Nailoni ilitandikwa sakafuni, barakoa ya vumbi jembamba ikavaliwa, na kila palipokwaruzwa palilowanishwa kwanza. Kisha kisu kikali kikapitishwa kwenye mstari ambapo ufito wa ndani unakutana na fremu. Ukiruka hatua hiyo, ufito unang'oka na kipande cha rangi na plasta ya ukuta pamoja. Patasi pana huanzia katikati ya ufito, sio kwenye kona: katikati unapinda na kutoka kama upinde, konani unavunjika.

Kipande cha chini kilitoka bila matata. Kamba zake za pamba zilikuwa zimekauka, moja imekatika zamani, nyingine nikaishika barabara kabla ya kuikata. Mwisho wa kamba hiyo, ndani ya sanduku la mbao lililofichwa ukutani pembeni mwa dirisha, kunaning'inia chuma cha kilo kadhaa cha kusawazisha uzito wa kipande. Ukiikata na kuiachia, chuma kinashuka chote na kupasua sakafu ya sanduku. Unafunga fundo kwanza, fundo linakwama kwenye kapi, ndipo unaachia.

Kipande cha juu ndicho kilichokuwa na siri. Hakikuwa kimegandishwa na rangi peke yake. Kilikuwa kimepigwa skrubu mbili nene, moja kila upande, zikafunikwa na puti na rangi nyeupe. Fundi fulani wa zamani aliamua kisishuke tena maisha.

Skrubu kwenye dirisha la namna hii huwekwa na mtu aliyekata tamaa. Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote tulipitisha kisu pembeni mwa fremu, chini kabisa, tukitafuta kijimlango cha kufikia vyuma. Kipo kila upande, kipande cha mbao cha urefu wa futi moja na kidogo, kimekatwa kwenye fremu yenyewe kikarudishwa mahali pake, na wapaka rangi hukifuta kila miaka kumi mpaka wenye nyumba wasijue kama kipo. Rangi ilipokatwa kilifunguka kwa kusukumwa kidogo. Ndani ya sanduku hakuna rangi iliyowahi kufika. Msonobari wa Baltiki ulikuwa bado na rangi ya asali, pete zake za ukuaji zimebanana kwa sababu mti ulikua polepole kwenye baridi. Mbao ya namna hiyo ukitia kucha haibonyei. Nikatoa chuma. Kilikuwa kirefu, cha mviringo, kina kutu ya juu juu tu, na kimesubuliwa kikiwa na namba 10 ubavuni. Pauni kumi, yaani kilo 4.5. Mwenzake wa upande wa pili namba hiyo hiyo. Jumla kilo 9 na ushei.

Nikamwomba Bi Mkubwa mizani yake ya bafuni. Nikapanda peke yangu, kisha nikapanda nimekumbatia kile kipande cha juu, yeye akisoma namba maana mimi sikuweza kuona miguu yangu. Tofauti ilikuwa zaidi ya kilo 13.

"Kwa hiyo?" akauliza.

Kwa hiyo dirisha lilikuwa zima, kioo ndicho kilichokuwa kigeni. Hesabu yake ni nyepesi: kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kile kilikuwa sentimita 80 kwa 80 na unene wa milimita 6, basi ni kilo 9.6. Cha asili kingekuwa na milimita 3 hivi, kilo 4.8. Kuna siku kioo cha kwanza kilivunjika, mtu akaweka alichokuwa nacho, dirisha likaanza kudondoka lenyewe, na badala ya kupima akaleta skrubu. Kanuni ni kwamba vyuma vya kipande cha juu vizidi uzito wake kwa nusu kilo hivi, ili kibaki kimejibana juu; vya kipande cha chini vipungue kidogo, ili kikae chini. Kwa kioo cha milimita 3 na mbao yake, kipande kingekuwa kilo 8.6. Seremala wa miaka ya 1890 alikuwa amepatia kabisa.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuongeza uzito, na hapo unahitaji madini ya risasi, ambayo ni mazito kuliko chuma, kwa sababu chuma kirefu zaidi kitagusa sakafu ya sanduku kabla kipande hakijafika juu, kamba italegea na dirisha halitafunga. Ya pili ni kurudisha kioo chembamba. Tulichagua ya pili, na kwa wauza mabaki ya nyumba zilizobomolewa kulikuwa na kioo cha zamani, kile kilichopulizwa kikawa mcheduara mrefu, kikapasuliwa na kulainishwa kwa moto kikalala bapa. Hakilali bapa kabisa. Kina mawimbi.

Kukikata ni kazi ya moyo mgumu. Kioo cha zamani hakitabiriki. Kinasafishwa kwa spiriti, gurudumu la kukatia linatiwa mafuta, na mstari unapitishwa mara moja tu. Ukirudia juu ya mstari umekivunja. Kinakatwa kipungue milimita 3 kwa upana na kwa urefu, kipate pa kupumulia. Mbao ya kukilaza inapakwa rangi ya msingi kwanza, na hapa ndipo wengi hufanya haraka: mbao kavu hunywa mafuta ya puti, puti inabaki chaki tupu, mwaka wa pili inapasuka na maji yanaingia. Juu ya rangi ya msingi puti ya kulalia, kioo kikabonyezwa pembeni, kamwe sio katikati, vijisumari kila sentimita 15, kisha puti ya nje ya mshazari. Baada ya hapo inaachwa wiki kadhaa ifanye ngozi kabla ya kupakwa rangi, na rangi ipande milimita 2 juu ya kioo ili kuziba mshono.

Kamba mpya ilipita juu ya kapi kwa kuvutwa na uzi wenye kipande kidogo cha risasi mwishoni, kikashuka sandukuni nikakidaka kijimlangoni. Urefu wake ulipimwa ili kipande kikiwa juu kabisa, chuma kining'inie sentimita 5 kutoka chini, kwa kuwa kamba ya pamba hurefuka. Misumari ya kuishikia kwenye ubavu wa kipande yote ilipigwa chini ya usawa wa kapi. Ukipiga mmoja juu ya hapo unakwama kwenye kapi na dirisha linabaki na pengo la vidole viwili.

Bi Mkubwa ndiye aliyelijaribu. Aliweka kidole kimoja juu ya ukingo, akavuta. Vyuma viligonga ndani ya ukuta, go, go, kile kipande kikashuka, akakiachia katikati kikasimama pale pale. Akakisukuma kikapanda. Akakishusha tena, na cha chini akakipandisha kidogo. Hewa ya moto ya radieta ikatoka juu, ya nje ikaingia chini, jinsi dirisha hilo lilivyokusudiwa, na pazia likavutwa ndani. Kisha akanyamaza akitazama nje kupitia kioo, akisogeza kichwa kushoto na kulia.

"Fundi. Mbona nyumba ya jirani inacheza?"

Matofali ya upande wa pili wa barabara yalikuwa yanapanda na kushuka kila aliposogeza kichwa. Nikamweleza ni mawimbi ya kioo. Alicheka, akaita wajukuu waje waone nyumba inacheza.

Zile fito zikarudishwa zikiwa na brashi nyembamba za kuzuia upepo. Nikamwambia ukweli kwamba kioo kimoja ni kioo kimoja, si viwili kama vya dirisha la plastiki. Januari kitatoa baridi, na pazia zito linasaidia kuliko maneno yangu. Nikampa na bei ya madirisha ya nyuma kwa mtindo ule ule.

Alisoma karatasi kwa makini. "Hapana, mwanangu. Mbele liwe la Malkia, watu wanaona. Nyuma plastiki. Nyuma ndiko ninakolala."

Nilikuwa na hotuba tayari, ya mbao inayokarabatika na plastiki ambayo ikiharibika hutupwa nzima. Morris na wenzake walianzisha chama cha kutetea majengo ya kale mwaka 1877 kwa ajili ya hotuba kama hizo. Lakini nikitoka na vifaa nilipitia uani, na ukuta wa nyuma ulikuwa matofali ya manjano ya bei rahisi, bila nakshi, bila jiwe juu ya madirisha. Mekundu mazuri yote yaliishia kona ya mbele. Ndani vile vile: dari ya sebule ina ua la plasta na ukingo wa nakshi, ya chumba cha nyuma haina kitu. Wajenzi wenyewe wa nyumba hiyo walikuwa na akili ya Bi Mkubwa.

Madirisha ya plastiki yaliwekwa mwezi uliofuata. Aliyeyaweka hakuwa mimi.