Wachawi wa Oxford Nyumbani Kwetu Kisumu

Nimemaliza msimu wa tatu wa tamthilia ya A Discovery of Witches na nimenuna. Si kwamba ni mbaya. Nimenuna kwa sababu imeisha, na kwa sababu msimu huo wa mwisho una vipindi saba tu ilhali wa pili ulikuwa na kumi. Mambo yaliyostahili kutulia yakapitishwa mbio mbio kama watu wanaokimbilia matatu ya mwisho.

Kwa wasioijua: Diana Bishop ni mwanahistoria Mmarekani, mtaalamu wa alkemia, yuko Oxford kwa utafiti. Amezaliwa katika ukoo wa wachawi lakini hataki kusikia habari za uchawi. Siku moja anaagiza hati ya kale katika maktaba ya Bodleian, nambari yake Ashmole 782, na hati ambayo wengine wameisaka miaka na mikaka inamfungukia yeye. Kuanzia hapo maktaba inajaa viumbe: wachawi, vampaya na madimoni, hawa wa mwisho wakiwa watu wenye vipaji vilivyopita kiasi. Mmoja wa vampaya hao ni Matthew Clairmont, mwanasayansi mwenye umri wa kama miaka elfu moja na mia tano na sura ya mwanamume ambaye ungemwachia kiti kanisani. Wanapendana. Hawaruhusiwi.

Kilichoninasa mimi kwanza hakikuwa Matthew, ilikuwa hiyo hati. Nafanya kazi ya masjala, kupokea mafaili na kuyatoa, kwa hiyo mtu akiomba kitu kwenye kaunta macho yangu husimama. Nikamwona Diana akifungua lile jalada, nikaona kuna kurasa zilizonyofolewa, maandishi yakijitokeza na kupotea, halafu akaenda akairudisha. Akairudisha! Nilipiga kelele hadi dadangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Deborah Harkness, aliyeandika vitabu ambavyo tamthilia hii imetokana navyo, ni profesa wa historia, na Ashmole 782 haikutoka kichwani mwake: nambari hiyo imo katika orodha ya hati za Elias Ashmole, mkusanyaji wa karne ya 17, ila hati yenyewe haionekani. Aliyewahi kufuatilia faili la shamba katika nchi hii hatashangaa. Mimi kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyemwambia Diana arudi kesho.

Sasa mapenzi. Katika kitabu cha kwanza, cha mwaka wa 2011, Diana anamkaribisha Matthew chakula cha jioni, naye Matthew anamweleza jinsi anavyonukia: utomvu wa mti, kamomili iliyokanyagwa, vitu vya namna hiyo. Ukurasa ule niliusoma polepole, nikaurudia. Kisha nikajifikiria mimi Jumapili saa nane mchana nikitoka soko la Kibuye na mifuko, nimebanwa ndani ya tuktuk na watu wawili na jogoo. Vampaya huyo angenusa omena, jasho na moshi, akarudi kwao Ufaransa.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye katazo. Hadithi nyingi za mapenzi siku hizi hazina kizuizi cha maana. Watu wanatenganishwa na ujumbe ambao haukusomwa, jambo ambalo simu moja ingelimaliza. Hapa kuna agano la kale kwamba viumbe wa aina tofauti wasichanganyike, na kuna Kusanyiko la kulilinda: wajumbe tisa, watatu wa kila aina, wanaokutana Venice katika ukumbi wa giza na viti virefu. Wanajadili ndoa ya watu wawili ambao wenyewe hawamo chumbani. Ukumbi huo naujua. Mama yangu ni Mgusii, Baba ni Mjaluo, na kabla ya kuoana kulikuwa na vikao vya wajomba huku na ami kule, chai ya maziwa ikipita, kila mmoja akiwa na la kusema kuhusu watu wa upande wa pili. Hawakuwa wabaya. Hata kwenye lile Kusanyiko wanaonigusa zaidi ni wale wanaoogopa tu, wanaoamini kweli kwamba mtoto wa damu mbili ataleta balaa. Mimi ndiye hiyo balaa, na nalipa kodi ya nyumba Manyatta kwa wakati.

Dani, mama mzaa Baba, alikuwa akitusimulia habari za Luanda Magere wa Kano, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mkuki haukumwingia. Maadui zake, Walang'o, wakampa binti yao awe mke. Siku moja akaugua, akamwambia huyo binti achanje si mwili bali kivuli. Kivuli kikatoka damu, na binti akakimbia usiku kwenda kwao kupeleka siri. Vita vilipokuja, kivuli kikachomwa mkuki na Magere akageuka jiwe, jiwe ambalo lipo hadi leo. Watoto wote walikuwa wakimlilia Magere. Mimi nilitaka kujua ya yule binti: alimpenda? Alilia njiani? Dani alinijibu kwamba mwanamke wa adui ni wa adui, lala. Nadhani nimekuwa nikidai jibu tangu siku hiyo, na ndiyo maana tamthilia hii ilinipata nikiwa tayari. Hapa mke aliyetoka upande wa adui anazijua siri zote za mumewe, ugonjwa wa hasira ulio katika damu yake, maiti alizoziacha nyuma, na haendi kumsema kwa yeyote. Anabaki, anagombana naye, anabaki.

Mama alikuja kututembelea tukiwa katikati ya msimu wa pili. Jioni hiyo mvua ya ziwani ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba tulikuwa tunasoma maandishi ya chini tu. Akakaa na shuka lake, akatazama.

"Huyo binti ndiye mchawi?"

"Ndiye, Mama."

"Na ana kazi?"

"Ni profesa."

Akanyamaza. Stima ikapotea, kama kawaida radi ikianza, na gizani akatuambia kwamba kwao mchawi huwa ni mjane aliyeachiwa shamba zuri. Hakuongeza neno. Nasi hatukuhitaji. Mwezi wa Mei 2008 watu 11 walichomwa moto Kisii kwa kusingiziwa uchawi, wengi wao wazee, na Oktoba 2021 bibi wazee wanne waliuawa Marani. Huwezi kutoka familia ya huko ukayatazama mambo haya kama ndoto tupu. Diana mwenyewe ameandikwa kuwa wa ukoo wa Bridget Bishop, mwanamke wa kweli, wa kwanza kunyongwa kule Salem tarehe 10 Juni 1692. Walionyongwa walifika 19. Jimbo la Massachusetts lilikuja kumtaja kwa jina kuwa hana hatia mwaka wa 2001, miaka 309 baadaye. Nilipomweleza Mama hayo aliuliza kama shamba lilirudishwa pia.

Basi mtu angedhani ningezima. Sikuzima, na wala sijutii. Nimechoka kumwona mchawi akiwa kizee cha kutisha watoto. Napenda kumwona akiwa mwanamke anayekwenda kupiga makasia asubuhi mtoni, anayekula mkate uliopakwa kitu huku anasoma, anayependwa na mtu aliyevuka karne kumi na tano na bado hajui kuomba msamaha vizuri. Kuna raha ya aina yake kulitazama lile jambo linalotisha kwenu likiwa limevaa koti zuri.

Stima iliporudi tulikuwa tumefika pale Diana na Matthew wamerudi nyuma hadi mwaka wa 1590, London ya Malkia Elizabeth. Huo ndio msimu bora, na atakayebisha tukutane Dunga tubishane juu ya samaki. Mavazi, mishumaa, matope ya barabarani, Christopher Marlowe, yule mwandishi wa michezo ya kuigiza, akiwa dimoni aliyejaa wivu. Diana anatafuta mwalimu, na anayempata ni bibi mzee, Goody Alsop, mwenye uso wa mikunjo na subira nyingi, anayemfundisha kufunga mafundo ya nyuzi hadi uchawi wake ukae sawa. Wachawi wengine wanamheshimu, wananyamaza akisema. Mama, ambaye hakumjali Diana wala yule mume wake wa baridi, aliketi wima. Alirudi kwao na bado hupiga simu kuuliza habari za yule nyanya. Akiuliza kuhusu kazi yangu ni mwishoni, bando likikaribia kwisha.

Yanayoniudhi yapo. Matthew anaamuru sana. Mara "kaa hapa," mara "usitoke," na mwandishi anataka tuamini kwamba hiyo ni asili ya vampaya. Wanaume wa namna hiyo wako wengi na hakuna hata mmoja aliyeumwa shingo. Halafu kuna jambo la wazazi wa Diana. Waliuawa akiwa na umri wa miaka saba, na kitabu kinawapeleka Nigeria kuuawa. Kwa hiyo kote Oxford, Ufaransa, Venice na Praha watu wanapendana, wanasoma hati na kunywa mvinyo, ila Afrika inapotajwa ni mahali pa kufia. Nilikiweka kitabu chini hapo nikaenda kuanika nguo. Nilikirudia, kwa sababu hadithi ilikuwa imeshanikamata, lakini nilikirudia nikiwa nimekunja uso.

Sasa nasoma cha pili, Shadow of Night, taratibu, ili nione yale ambayo runinga iliyaruka. Kuna mengi, sehemu za Goody Alsop ni ndefu zaidi na nimeanza kumsomea Mama kwa simu, nikimtafsiria papo kwa papo. Baada ya hapo kuna cha tatu, na kingine cha mwaka wa 2024 ambacho bado sijakitia mkononi. Kijana anayenijazia muvi kwenye flashi pale Kondele aliniuliza kama nataka nyingine ya vampaya, hawa wa shule ya upili. Nikamwambia hapana, asante, mimi anitafutie mtu mzima mwenye kazi.