Motahomu ya futi 24: tukokote gari au tuende hivyo hivyo?

Machi

Theluji imeyeyuka huku Minnesota, ile dawa ya kuzuia mabomba yasigande nimeshaisukuma nje, na swali lililolala msimu wote wa baridi limeamka: Julai tukienda Montana, tufunge gari dogo nyuma ya motahomu (gari letu lenye nyumba ndani yake) au twende hivyo hivyo?

Wenye motahomu kubwa kama basi, za futi 38 au 40, hawana mjadala. Nyingi utaziona barabarani zikikokota kigari. Wenye vani za futi 19 nao hawana mjadala, maana wanaegesha karibu popote. Sisi ndio tuliokwama katikati: Ford E-350 yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, haijafikia ubasi lakini kwenye maegesho ya duka mjini inachukua nafasi ya watu wengine.

Mama watoto ndiye aliyeliweka swali sawasawa: "Sasa baba, maziwa yakituishia saa mbili usiku, tutabomoa nyumba nzima?" Na kweli ni kubomoa. Uchomoe waya wa umeme, ukunje mpira wa maji, uvae glavu ufungue bomba la majitaka, ukunje turubai la kivuli, kisha upite ndani kufungia kila sahani na kikombe kabla hakijaruka kwenye kona ya kwanza. Ukirudi na maziwa yako unaanza upya, pamoja na kutafuta vibao vya kusawazisha magurudumu.

Aprili: mizani

Kabla ya kubishana zaidi nikaipeleka kwenye mizani ya malori, ile ya CAT Scale iliyoko kwenye vituo vya mafuta vya barabara kuu. Aliyezoea foleni ya mizani ya Mariakani kule Kenya atashangaa: hapa unalipa mwenyewe upimwe, unapewa karatasi yako, unaondoka. Nilijaza tangi la maji na la petroli, nikapakia familia na mizigo ya safari, kwa sababu kupima gari tupu ni kujidanganya.

Karatasi ilisema pauni 11,400, yaani kama kilo 5,170. Chasisi yetu inaruhusiwa kufika 12,500 peke yake, na 18,500 ikiwa pamoja na kinachokokotwa. Ukitoa, unabaki na 7,100, na hapo ndipo wengi hufurahi mapema. Ndoano yetu ya nyuma imegongwa muhuri wa pauni 5,000, na panapokuwa na mipaka miwili, inayofuatwa ni ile ndogo. Isitoshe, breki za chasisi hii zimeundwa kusimamisha motahomu yenyewe ikiwa imejaa. Gari la nyuma lazima lijisimamishe kwa breki zake, na majimbo mengi yanadai hivyo kisheria kinachokokotwa kikishapita uzito fulani.

Mei: gari lipi?

Hapa ndipo mradi ulipotaka kufa. Gari la nyumbani ni RAV4 ya otomatiki inayovuta magurudumu yote manne. Kitabu chake kinakataza kuikokota magurudumu yakiwa chini. Pampu ya mafuta ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikizimwa, mafuta hayazunguki huku vyuma vikizungushwa na magurudumu, na giaboksi inaungua. Kuinyanyua mbele tu kwenye kijitrela cha magurudumu mawili hakusaidii, kwa kuwa ya nyuma nayo yameungwa kwenye mfumo huo huo. Kuipakia yote juu ya trela? Trela lenyewe lina zaidi ya pauni 2,000, RAV4 ina kama 3,500. Ndoano inasema 5,000. Kwaheri.

Magari yanayokokotwa bila kunyanyuliwa si mengi. Jeep Wrangler ndiyo maarufu, lakini bei yake hata ikiwa kuukuu inaumiza. Honda CR-V za hadi mwaka 2014 zinaruhusiwa. Kuanzia 2015 walibadilisha giaboksi na ruhusa ikafutwa.

Juni: kilichoamua

Maziwa yangevumilika. Kilichoamua ni barabara ya Going-to-the-Sun ndani ya hifadhi ya Glacier, huko huko Montana tunakokwenda. Kati ya Avalanche na Rising Sun, gari lolote linalozidi futi 21 kwa urefu haliruhusiwi. Tumezidi kwa futi tatu! Kuna mabasi ya hifadhi, lakini kupanga foleni na watoto wadogo, makoti na chakula cha mchana ili tu kufika Logan Pass, kilele cha barabara hiyo, mimi simo. Kukodi gari Kalispell, mji wa jirani, kwa siku zote tutakazokaa, bei za Julai, nako tulikupigia hesabu tukanyamaza.

Basi tumeuza RAV4 tukachukua CR-V ya 2013. Utaratibu wake nimeuandika kwenye karatasi na kuubandika dashibodi: washa injini, pitisha gia zote, kaa kwenye D sekunde tano, rudi nyutro, iache ingurume dakika tatu, zima, acha ufunguo pale ambapo usukani haujifungi. Kila baada ya saa nane za mwendo, rudia. Usizidi maili 65 kwa saa. Toa fyuzi ya vifaa ili betri isifilisike.

Tukiwa tumeungana tutapita futi 40, na kurudi nyuma hakuna, maana magurudumu ya mbele ya CR-V yatajipinda na kuvunja chuma cha kukokotea. Taabu itakuwa kwenye petroli. Laini pana za malori zinauza dizeli, kwa hiyo nitabanana na magari madogo, nikichagua pampu ya pembeni yenye njia ya kutokea mbele.

Safari za wikiendi za Duluth, humu humu Minnesota, CR-V itabaki nyumbani. Kwa usiku mmoja haina maana.

Bado breki. Kuna kisanduku kinachowekwa mbele ya kiti cha dereva na kukanyaga pedali chenyewe, unakihamisha kila ukifunga na kufungua, na kuna mfumo unaofungwa moja kwa moja chini ya gari. Kisanduku ni nafuu. Fundi anasisitiza ule wa kudumu, ingawa ndiye atakayelipwa kuufunga. Bamba la mbele la kushikia chuma cha kukokotea na nyaya za taa anaanza Jumatatu.